UZI: BioWare ilianza kuanguka ikiwa imeshika tuzo mkononi

#1 · Mleta mada

Wakuu, BioWare, studio ya magemu ya Kanada, ikitajwa siku hizi jibu ni lile lile: EA, kampuni kubwa ya magemu, waliinunua, EA wakaiua. Jibu hilo linaacha mengi nje. Naipenda studio hii tangu enzi za Baldur's Gate, na inaniuma kuona historia yake ikifungwa kwa sentensi moja. Naomba tuijadili kwa kirefu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Kilichoiangusha BioWare, kuliko kitu kingine chochote, ni tabia ya kuliacha gemu miaka nenda rudi bila kuamua ni gemu gani hasa, kisha kulijenga lote kwa kukesha miezi ya mwisho. Tabia hiyo iliwatoa mara kadhaa. Wakaiamini, na mwisho ikawa ndiyo namna yao rasmi ya kufanya kazi. EA wana makosa yao na nitayataja.

Tuanze na walikotoka. Mwaka 1995, mjini Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada, madaktari watatu, Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip, walianzisha kampuni ya magemu. Kabla ya hapo walikuwa wakitengeneza programu za kufundishia udaktari. Yip baadaye alirudi kwenye tiba, wale wawili wakabaki. Gemu lao la kwanza, Shattered Steel la 1996, lilikuwa la maroboti makubwa ya vita na halikuvuma sana. Desemba 1998 ikatoka Baldur's Gate, na wengi wa walioitengeneza hawakuwahi kutengeneza gemu lolote kabla yake. Walichokuwa nacho ni miaka ya kucheza Dungeons & Dragons mezani, mchezo wa kuigiza hadithi kwa kete, na baadhi ya wahusika walitoka moja kwa moja kwenye michezo yao hiyo. Ndiyo maana mtu kama Minsc, shujaa anayeongea na kipanya chake Boo, anasikika kama mtu ambaye waandishi wake walishacheka naye usiku mwingi kabla ya kumwandika.

Baada ya hapo walishika kasi: Baldur's Gate II mwaka 2000, Neverwinter Nights 2002, Knights of the Old Republic 2003, Jade Empire 2005, Mass Effect 2007, Dragon Age: Origins 2009. Hesabuni ni dunia ngapi tofauti hapo ndani ya miaka isiyozidi kumi.

#2 · Mchangiaji

Nimevuta kiti mkuu. Ila kwa sisi tuliokuja nyuma, hebu eleza ni nini hasa kiliwafanya watu wawapende hivyo. Mimi BioWare niliijulia kwenye Anthem, gemu lao la 2019, na kusema kweli sikuona cha kulilia.

#3 · Mleta mada

Ndugu, nitakupa mfano mmoja tu, maana huo mmoja unatosha.

Kwenye Mass Effect ya kwanza kuna mwenzako anaitwa Wrex, wa jamii ya krogan, viumbe wa sayari nyingine. Jamii yake iliwekewa genophage, ugonjwa wa kutengenezwa maabara unaofanya karibu mimba zao zote ziharibike. Mnafika sayari ya Virmire na kugundua kwamba adui amepata tiba. Shepard, ambaye ni wewe mchezaji, anataka maabara ilipuliwe yote. Wrex anakunyooshea bunduki pale pale ufukweni. Kama huko nyuma ulijisumbua kumtafutia deraya la ukoo wake, au umejijengea uwezo wa kushawishi watu, anashusha silaha. Kama hukufanya hayo, Wrex anakufa, na gemu linaendelea bila kukupigia kelele.

Zaidi ya miaka minne baadaye, Mass Effect 3 inasoma faili lile lile ulilosevu. Kama Wrex yu hai, ndiye kiongozi wa krogan, na ni kiongozi anayefikiria kesho ya watu wake. Kama ulimwua, nafasi yake ameshika Wreav, ambaye mdomoni mwake hakuna kingine zaidi ya kisasi. Sasa Mordin, mwanasayansi aliyewahi kuuimarisha ugonjwa ule, anataka kupanda mnara akasambaze tiba, na huko juu harudi. Kwa upande wa Wreav, kama na Eve, yule mwanamke wa krogan aliyebeba matumaini yao, naye amefariki, unaweza kumweleza Mordin kwamba tiba ikitoka italeta vita vipya, akakuelewa, akaishi. Kwa upande wa Wrex hakuelewi kamwe. Ukitaka kumzuia itabidi umpige risasi, mzee aliyekwenda kulipia kosa lake.

Na huyo Eve kufa au kupona kunategemea uliamua nini kuhusu data za utafiti kwenye Mass Effect 2. Yaani magemu matatu, yaliyotoka kati ya 2007 na 2012, yanakukumbuka. Mtu aliyecheza hivyo halipi pesa kwa ajili ya kufyatua risasi. Analipa kwa sababu gemu limemchukulia kwamba maamuzi yake yana uzito.

#4 · Mchangiaji

Yote hayo mazuri mzizi wake ni kabla ya EA. Oktoba 2007 EA walitangaza kuinunua BioWare pamoja na studio ya Pandemic kwa kiasi kilichofika dola milioni 860. Pandemic ikafungwa 2009, miaka miwili tu. Kabla yao walipita studio za Bullfrog, Origin na Westwood, zote zilinunuliwa na EA, zote hazipo. Tusizunguke mbuyu, mkuu. Muuaji anajulikana.

#5 · Mleta mada

Mkuu, makosa ya EA siyakatai. Angalia Dragon Age II. Origins ilitengenezwa kwa zaidi ya miaka mitano, ikatoka Novemba 2009. Dragon Age II ikatoka Machi 2011, miezi 16 baadaye. Aliyeicheza anakumbuka lile pango. Unaingia pango la majambazi, unapigana, unatoka. Saa mbili baadaye unaingia pango la buibui upande mwingine kabisa wa ramani, na kona ni zile zile, ngazi ni zile zile, isipokuwa mlango mmoja umezibwa kwa jiwe ambalo halifunguki. Hiyo ni alama ya watu walionyimwa muda. Mass Effect 3 nayo ilikuja na Javik, mtu pekee aliyebaki wa Prothean, jamii ya kale iliyotoweka, mhusika mzito kuliko karibu wote kwa hadithi ile, akauzwa pembeni kwa dola 10 siku ya kwanza. Hilo liliwaudhi watu, na walikuwa na haki.

Lakini Origins na Mass Effect 2 nazo zilitoka chini ya EA. Hizo huwa hazitajwi. Na magemu yaliyoizika BioWare hayakukosa muda. Mass Effect: Andromeda ilipewa takribani miaka mitano. Anthem karibu saba. Ukimpa mtu miaka saba na bado akajenga kitu chenyewe mwaka wa mwisho, swali halimhusu mwenye pesa peke yake.

#6 · Mchangiaji

Na injini ya Frostbite je? Nani aliwalazimisha kuitumia?

#7 · Mchangiaji mwingine

Hapa naomba niingie, maana kuandika programu ndiyo kazi yangu ingawa si za magemu.

Injini ndiyo inayobeba kila kitu ndani ya gemu: picha, mwanga, mwendo, sauti, namna dunia inavyopakiwa unapotembea. BioWare walikuwa na desturi ya kujitengenezea. Infinity iliendesha Baldur's Gate, Aurora ikaendesha Neverwinter Nights, Eclipse ikaendesha Dragon Age. Mass Effect tatu za kwanza zilitumia Unreal Engine 3 ya Epic, ambayo tayari studio nyingi zilikuwa zinaijua. Frostbite ni ya DICE, studio ya EA iliyoko Stockholm, na ilijengwa kwa ajili ya Battlefield, gemu la vita vya bunduki. Gemu la aina ile halina haja ya begi la vitu. Halina wenzako watatu wanaosubiri amri. Halina mazungumzo yenye matawi, wala haja ya kusevu hali ya dunia nzima mahali popote ulipo. BioWare walipoichukua ilibidi vyote hivyo wavijenge wenyewe, na kila wakijenga, DICE wakitoa toleo jipya la injini, kazi ya kuoanisha inaanza tena.

Kinachonishangaza kama mtu wa programu ni hiki: walichojenga watu wa Dragon Age: Inquisition hakikurithiwa vizuri na Andromeda, na Anthem ikaanza sehemu kubwa upya. Kampuni moja, injini moja, kazi ile ile mara tatu. Tena mafundi wanaoijua Frostbite kwa undani walikuwa wachache ndani ya EA nzima, na FIFA 17, gemu la soka, ilipohamia injini hiyo mwaka 2016, mafundi walikwenda kwenye gemu linaloingiza pesa nyingi zaidi.

Kuhusu nani aliwalazimisha: Aaryn Flynn, aliyekuwa mkuu wa studio kipindi kile, alishasema hadharani kwamba kuhamia Frostbite ulikuwa uamuzi wa BioWare wenyewe.

#8 · Mchangiaji (wa #4)

Uamuzi wao, sawa. Lakini ukiwa chini ya mtu mwenye injini yake, ukaambiwa ya kwetu ni bure na ya Epic utailipia, huo ni uamuzi wa aina gani?

#9 · Mleta mada

Hoja yako ina uzito na siibishii. Lakini sasa ndiyo tumefika kwenye kichwa cha uzi.

Dragon Age: Inquisition. Injini ngeni, na gemu linatakiwa litoke kwa pamoja kwenye PC, PlayStation 3, PlayStation 4, Xbox 360 na Xbox One. Waliolitengeneza walikesha mno mwaka wa mwisho ili vipande vishikane, vikashikana. Likatoka Novemba 2014. Desemba likachukua tuzo ya gemu bora la mwaka kwenye The Game Awards za kwanza kabisa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi naona ndipo ulipoingia ugonjwa, maana ndani ya studio walikuwa na jina la jambo hilo: uchawi wa BioWare. Imani yenyewe ni kwamba gemu litakuwa vurugu kwa miaka, hakuna anayeona mbele, lakini mwishoni kabisa mambo yatajipanga, kama yalivyojipanga siku zote.

Mwaka 2019 mwandishi wa habari Jason Schreier alizungumza na watu wengi waliopita pale, akaandika kwenye tovuti ya Kotaku. Miongoni mwa waliomweleza, wapo walioona ilitakiwa Inquisition ifeli, ili wakubwa waelewe kwamba magemu hayatengenezwi hivi. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na bado yananisumbua. Mtu amemwaga jasho kwenye kazi, kazi imebeba tuzo kubwa kuliko zote, na yeye anatamani isingebeba, kwa sababu anajua tuzo hiyo itatumika kama ushahidi dhidi yake kwenye mradi unaofuata.

Mradi unaofuata ukaja. Andromeda ilikabidhiwa studio ya Montreal, ambayo kabla yake ilikuwa imefanya sehemu ya kucheza wengi mtandaoni ya Mass Effect 3 na nyongeza ya Omega. Walitaka mamia ya sayari zinazobuniwa na kompyuta yenyewe. Wakahangaika nazo miaka, zikakataa, wakaziacha. Sehemu kubwa ya tulichocheza Machi 2017 ilijengwa kwa takribani mwaka mmoja na nusu. Matokeo mliyaona: nyuso zisizoendana na maneno, macho yanayotazama pembeni wakati mtu anazungumzia kifo cha baba. Wachora mwendo walitukanwa mitandaoni kama wavivu, na hilo halikuwa haki hata kidogo. Agosti mwaka ule ule ikatangazwa hakuna nyongeza ya hadithi itakayokuja, na Montreal ikaunganishwa na EA Motive, studio nyingine ya EA.

#10 · Mchangiaji

Umeruka mwisho wa Mass Effect 3 makusudi?

#11 · Mleta mada

Sijaruka, ila siuoni kuwa chanzo. Machi 2012 watu walikasirika kwamba miaka yote ile ya maamuzi iliishia kwenye milango mitatu yenye rangi tatu, na walikuwa na hoja. Juni BioWare wakatoa nyongeza ya bure ya kuupanua mwisho ule. Kilichoniuma zaidi mwaka huo ni Septemba, Muzyka na Zeschuk walipotangaza kustaafu. Baada ya hapo hakukuwa tena na mtu ndani ya jengo lile ambaye angeweza kuwaambia EA hapana kwa sauti ya mwenye nyumba.

#12 · Mchangiaji (wa #2)

Sasa Anthem. Mimi kwenye Anthem nilipenda kuruka tu. Unajirusha ukingoni mwa jabali, injini za mgongoni zinawaka, unapita chini ya maporomoko ya maji ili zipoe. Kile kipande kilikuwa kitamu kweli. Kingine chote ni kusubiri ipakie.

#13 · Mleta mada

Na hicho kipande ulichokipenda ndicho kilichokuwa kinaingizwa na kutolewa wakati wa kutengeneza. Kuruka kuliwekwa, kukafutwa, kukarudishwa, mara kadhaa. Kulibaki baada ya mkubwa mmoja wa EA, Patrick Söderlund, kuonyeshwa onyesho la awali, akakatishwa tamaa, watu wakajifungia wiki kadhaa kutengeneza jingine, na humo wakarudisha kuruka. Akakipenda. Nguzo ya gemu zima ilisimamishwa kwa namna hiyo, takribani miaka miwili kabla ya gemu kutoka. Hapa ndipo EA anapotetewa na mkasa wenyewe, ingawa sina hamu ya kumtetea: mtu wa nje ndiye aliyeona kitu cha maana ambacho wenye gemu walikuwa wamekitupa.

Juni 2017 likaonyeshwa jukwaani kwenye maonyesho ya magemu ya E3, Los Angeles. Soko limejaa watu, mwanamke anaongea, mchezaji anavaa suti yake na kujirusha msituni. Sehemu kubwa ya onyesho lile haikuwa gemu lililokuwepo. Baadhi ya wafanyakazi walisema baadaye kwamba ni pale walipoelewa wanatengeneza nini. Likatoka Februari 2019.

Kuna kasoro moja ya wiki za mwanzo ambayo inaeleza yote. Gemu zima limejengwa juu ya kuokota silaha bora kila siku. Wachezaji wakapima na kukuta kwamba bunduki ya kwanza kabisa, ya kiwango cha 1, unayopewa ukianza, inaua haraka kuliko silaha adimu za kiwango cha juu, kwa sababu hesabu za ndani za kulinganisha nguvu zilikuwa zimekosewa. Yaani kazi yote ya kuokota haikuwa na faida. Kosa la namna hiyo hugunduliwa na mtu aliyelicheza gemu likiwa kamili kwa miezi. Anthem haikuwahi kuwa kamili kwa miezi kabla ya kuuzwa.

Na watu waliumia. Kwenye taarifa ile ya 2019 wafanyakazi walieleza wenzao walioandikiwa na madaktari mapumziko ya wiki, wengine miezi, kwa sababu ya msongo wa kazi, na wengine waliojifungia vyumba vya ofisini kulia. Hii ni kampuni iliyoanzishwa na madaktari. Taarifa ilipotoka, BioWare walichapisha majibu ndani ya dakika chache, kabla mtu hajaweza kuisoma hadi mwisho. Hilo sijawasamehe.

Februari 2020 wakaahidi kuifumua na kuijenga upya. Februari 2021 mpango ukafutwa. Januari 2026 seva zimezimwa. Gemu lilihitaji mtandao muda wote, kwa hiyo hata mwenye diski hana tena cha kucheza.

#14 · Mchangiaji

Mnaongea sana habari za injini na ratiba, ila Dragon Age: The Veilguard ilikufa kwa sababu ya siasa na uandishi wa kitoto. Semeni ukweli.

#15 · Mchangiaji mwingine

Mimi nimeimaliza The Veilguard na nimeipenda. Mapigano yake ni mazuri kuliko Dragon Age yoyote, imetoka bila kasoro nyingi, inakwenda laini. Mwisho wake, saa zile za mwisho ambapo unachagua nani aende wapi na anaweza asirudi, ni BioWare kabisa. Kuna watu waliiamulia kabla ya kuigusa.

#16 · Mleta mada

Wote wawili naomba mtazame gemu hilo lilivyozaliwa, maana kila kasoro yake ina tarehe.

Baada ya Inquisition, Mike Laidlaw na kikundi kidogo walianza gemu lililoitwa ndani kwa jina la Joplin. Lilikuwa la majasusi na wizi wa kupanga ndani ya Tevinter, nchi mojawapo ya dunia ya Dragon Age, dogo kwa eneo, zito kwa maamuzi. Waliokuwemo walilisifia kwa sababu lilipangwa mapema, kwa utulivu. Oktoba 2017 likafutwa, watu wakapelekwa kuiokoa Anthem, na Laidlaw akaondoka. Likaanzishwa lingine, Morrison, safari hii la mtandaoni, la kuendelea kuuzwa vitu miaka na miaka. Anthem ilipoanguka, na Star Wars Jedi: Fallen Order ya Respawn ikauza vizuri bila mtandao wowote, mwaka 2021 EA wakaruhusu lirudi kuwa la mchezaji mmoja. Kwa hiyo lilipotoka tarehe 31 Oktoba 2024 lilikuwa limebadilishiwa mifupa mara mbili. Ule muundo wa misheni fupi fupi na wenzako wanaokubaliana upesi mno una harufu ya gemu la mtandaoni lililogeuzwa katikati ya njia.

Nakubaliana na wa #15 kwamba saa za mwisho ni nzuri sana. Lakini kumbuka mfano wa Wrex. The Veilguard inarithi maamuzi matatu tu kutoka Inquisition: ulimpenda nani, ulivunja kundi lako la Inquisition au hukuvunja, na uliapa nini kuhusu Solas, mwenzako aliyegeuka adui. Nani anatawala ufalme wa Ferelden, nani alikunywa kisima cha hekalu la Mythal, Morrigan ana mtoto au hana, vyote havikuulizwa. Watu walisubiri miaka kumi wakiwa na dunia zao kichwani. Kwangu hilo ndilo lililovunja moyo, kabla ya maneno ya mhusika yeyote.

Januari 2025 EA wakatangaza wachezaji takribani milioni 1.5, karibu nusu ya walichotarajia. Wafanyakazi wengi wakahamishiwa studio nyingine za EA, wengine wakapunguzwa, na BioWare ikabaki na watu wasiofika 100. Mwezi uliofuata mkuu wa EA, Andrew Wilson, akawaambia wawekezaji kwamba soko linataka mambo ya dunia za pamoja, yaani za kucheza wengi mtandaoni. Baada ya Anthem, mtu mzima anasema hivyo.

#17 · Mchangiaji (wa #7)

Ongezeni na watu kuondoka. Casey Hudson, kiongozi wa Mass Effect, aliondoka 2014, akarudi 2017, akaondoka tena Desemba 2020, na Mark Darrah wa Dragon Age akatangaza siku hiyo hiyo. David Gaider, aliyeijenga dunia ya Dragon Age, aliondoka 2016. James Ohlen, ambaye alikuwepo tangu Baldur's Gate, 2018. Agosti 2023 wakapunguzwa takribani 50, wakiwemo waandishi wa miaka mingi, na wengine walilazimika kwenda mahakamani kudai kiinua mgongo chao. Studio ya hadithi ikimwachisha kazi mwandishi aliyemlea mhusika Varric tangu Dragon Age II, kabla gemu lenye Varric halijatoka, mimi sielewi inabaki na nini.

#18 · Mchangiaji

Na mwezi huo huo wa Agosti 2023 ndipo studio ya Larian ya Ubelgiji ilipotoa Baldur's Gate 3. Mwisho wa mwaka ikabeba tuzo ile ile ya Inquisition.

#19 · Mleta mada

Asante kwa kuileta hiyo, kwa sababu inajibu wale wanaosema wachezaji wa leo hawana subira na gemu la maneno mengi. Gemu la zamu kwa zamu, lenye kete, lenye mazungumzo marefu, liliuzwa mamilioni. Tazama pia lilivyotengenezwa. Oktoba 2020 Larian waliwapa wachezaji sehemu ya kwanza ikiwa bado mbichi, wakaiuza hivyo hivyo, wakakaa karibu miaka mitatu wakisikiliza malalamiko na kurekebisha. Bunduki ya kiwango cha 1 ingegunduliwa wiki ya kwanza. Hawakuwa na mchapishaji wa kuwaharakisha, na hapo wa #4 anapata pointi yake. Lakini pia walikubali kuonekana wakiwa na kasoro mapema, jambo ambalo BioWare walilikwepa hadi siku ya kuuza.

#20 · Mchangiaji

Mass Effect mpya mnaionaje? Halafu kuna kuuzwa kwa EA yenyewe. Septemba 2025 ilitangazwa dola bilioni 55, wanunuzi wakiwa mfuko wa serikali ya Saudi Arabia, Silver Lake na Affinity Partners, na bilioni 20 kati ya hizo ni mkopo. Deni hilo litalipwa na nani kama si kwa kubana studio?

#21 · Mleta mada

Deni hilo linanitisha kuliko kitu kingine chochote kwa sasa, na sina la kukutuliza.

Kwa upande wa gemu, yapo mambo mawili ninayoyaona ya heri. Wanatumia Unreal Engine 5, maana yake wameachana na Frostbite. Na kundi dogo lililobaki, chini ya Mike Gamble, lina watu waliokuwepo kwenye zile tatu za mwanzo, kama Preston Watamaniuk na Derek Watts. Trela ya Desemba 2020 yenye Liara, mhusika wa zile tatu, ilikuwa nzuri, lakini trela ya Anthem nayo ilikuwa nzuri. Mimi sitalipia mapema. Nataka kuona gemu lenyewe likichezwa mwaka mzima kabla ya kutoka, mazungumzo yakiwemo, na nataka kusikia faili zetu za zamani zinasomwa au hazisomwi.

#22 · Mchangiaji (wa #2)

Mmenishawishi wakuu. Nianzie wapi?

#23 · Mleta mada

Chukua Mass Effect Legendary Edition ya Mei 2021. Ina zote tatu pamoja na karibu nyongeza zote. Usiruke ya kwanza kwa sababu ya mapigano yake mazito. Ongea na wenzako kila unaporudi ndani ya meli, hata kama hawana misheni ya kukupa.

Kwenye ya pili, kila mwenzako ana jambo lake binafsi la kumaliza. Yamalize hayo, na uboreshe meli, kabla ya kwenda kuchukua kifaa kinachoitwa Reaper IFF. Ukishakuwa nacho, baada ya muda adui atawachukua karibu wafanyakazi wote wa melini, na ukizubaa na kazi nyingine kabla ya kuwafuata, utawakuta wamekufa, akiwemo Kelly, msaidizi wako. Halafu kwenye misheni ya mwisho, siku ya kupenyeza mwenzako mmoja kwenye bomba la moto, usimkubali Jacob atakapojitolea. Mpeleke Tali.